Mahfoudh Parapanda na Wajapani Wanne

Mume wangu ana mdomo mbaya. Si wa matusi, hasha, matusi hayajui. Nasema mdomo wenyewe, ule wa juu, una sugu katikati kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Miaka na miaka ya kupuliza tarumbeta ndiyo iliyomfanyia hivyo. Alipokuja kunichumbia, shangazi yangu alimtazama, akanivuta chumbani akaniuliza, "Saadiya, mwanamme huyu kaumwa na nyuki?" Nikamwambia hakuumwa na nyuki, ni mpigaji beni. Akasema bora angeumwa na nyuki.

Basi huyo ndiye Mahfoudh. Asubuhi ni mchukuzi bandarini Malindi, hapa Unguja, anabeba masanduku na magunia ya watu wanaoshuka boti za Dar es Salaam. Jioni, kukiwa na harusi, anavaa shati jeupe na kofia nyekundu, anatoka na wenzake: matarumbeta mawili, dramu ndogo, na ngoma kubwa moja iliyotiwa viraka mpaka haijulikani ngozi ya mwanzo ilikuwa ipi. Wanapita mitaani na biharusi, wanawake nyuma yao wanacheza, watoto wanakanyagana, na asiyealikwa naye anatoka mlangoni kutazama. Hiyo ndiyo beni. Mtaa mzima wanamwita Mahfoudh Parapanda, na si kwa tarumbeta peke yake. Kusema polepole hajui. Akikunong'oneza siri hapa, Darajani wanaitikia. Nikimkaripia ananambia, "Mama Khairat, mimi nshazoea kuzungumza na mtaa."

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Khairat. Huyo hakumfuata babake kwa sauti. Mpole, kasoma, kamaliza chuo kule Tunguu, na Kiingereza anakisema kama maji. Akaposwa na kijana mwema anayeitwa Sabri, mhandisi, ana nyumba katika yale majumba mapya ya Fumba. Nikamshukuru Mola wangu. Halafu siku moja nimekaa jikoni nachambua mchele, mtoto akaja akasimama mlangoni, akasema bila ya kunitazama:

"Mama, mwambie Baba mimi sitaki beni."

Ungo ukanitoka mkononi.

"Hutaki nini?"

"Sitaki beni harusini kwangu. Ukumbi tushaupata, didjei yupo, kila kitu kimepangwa. Beni ni mambo ya zamani, Mama. Watu wa kina Sabri watatuonaje? Na mimi tangu skuli naitwa mtoto wa Parapanda. Inatosha."

Jamani, niliumia. Nyinyi hamjui. Malindi hapa hakuna mtoto wa kike aliyeolewa asipigiwe na mume wangu. Mtoto wa kinyozi kapigiwa, mtoto wa mwenye duka la dhahabu kapigiwa, na yule yatima wa pale nyuma alipigiwa mpaka magharibi bila ya mtu kumwomba. Na kila akirudi harusini kwa watu, jasho linamtiririka, ananambia neno lile lile: "Siku ya Khairat, Saadiya! Siku ya Khairat ntapiga mpaka kuta zianguke." Mwanamme huyu hana ndoto nyingine. Hakutaka gari, hakutaka kwenda Oman, alitaka kumtoa mwanawe nyumbani kwa tarumbeta lake. Sasa mimi ndiye niende nikamwambie!

Nilimwambia. Nilingoja ashibe kwanza. Alinyamaza. Mahfoudh, alinyamaza! Akanawa mikono pole pole, akasema, "Harusi ni yake. Anachotaka apewe." Akaondoka. Wallahi siku ile niliwachukia wote wawili, mtoto kwa maneno yake na baba kwa kukosa maneno.

Nyumba ikawa imepoa hivyo, mpaka Alhamisi moja, harusi imebaki wiki moja, Mahfoudh akatoka kupiga harusi ya jirani, akarudi na wageni. Hakuniarifu, kama kawaida yake. Nafungua mlango, naona wanaume wanne wamevaa suti nyeusi za kubana, tai nyembamba kama utepe wa kushonea, viatu vimechongoka mbele, nywele zimepakwa mafuta zikasimama juu. Suti, katika jua la mwezi wa pili! Wameiva nyuso kama kamba waliochemshwa. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni wenzetu huko ng'ambo wakizika hivyo, basi nikamvuta mume wangu pembeni.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu! Hawa Wajapani. Wanamuziki wenzangu."

"Wenzako tangu lini?"

"Tangu alasiri."

Kumbe walikuja kupiga katika tamasha la muziki pale Ngome Kongwe. Walikuwa wamelala gesti hapo Malindi, wakajaribisha nguo zao za jukwaani, wakasikia beni inapita chini ya dirisha. Basi wakashuka mbio kama walivyo. Wakaifuata beni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kichochoro kwa kichochoro, wanawake wanawacheka, na wao wanapiga makofi. Kwenye harusi wakalishwa biriani, na mmoja wao akala pilipili nzima akidhani ni mboga. Mgeni hafukuzwi, nikatandika mkeka, nikatoa juisi ya ukwaju na vitumbua.

Khairat akaitwa atafsiri. Alikuja amenuna, kajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Mkubwa wao akajitambulisha: jina lake Goro, mwembamba, shingo ndefu, anapiga gita na kuimba. Wa pili Isamu, anapiga kinanda cha mdomo, kile kidogo cha kufichika kiganjani. Wawili waliobaki, wa besi na wa dramu, majina yao sikuyashika, Mungu anisamehe, maana walikuwa wakila tu.

"Waulize wanapiga muziki gani," Mahfoudh akasema, na bila shaka mpaka bandarini walisikia.

Khairat akauliza, akasikiliza, akasema, "Wanapiga roki, Baba, lakini wameutoa kwenye muziki wa zamani wa Wamarekani weusi. Unaitwa rizimu endi bluzi. Wa wakati wa santuri, kabla wao wenyewe hawajazaliwa."

"Kwa nini wapige muziki wa mababu wa watu? Wao hawana mababu?"

"Baba!"

"Uliza."

Akauliza kwa haya. Goro akacheka sana, akakaa vizuri mkekani, akaeleza kwa kirefu, na mwanangu akawa anamfuata kipande kwa kipande. Babake Goro alikuwa na kiduka cha tofu, chakula chao cheupe cha soya, kama jibini. Alfajiri akikanda tofu anaweka santuri za Wamarekani hao, na hakuna aliyezitaka mtaani kwao ila yeye. Goro akiona aibu. Rafiki zake wakipita wanamcheka, anafunga dirisha. Akakua, akahamia mji mkubwa, akasahau. Siku moja yuko nyumbani kwa mtu asiyemjua vizuri, ikawekwa santuri moja katika zile, na yeye akalia mbele za watu kwa sababu alisikia harufu ya tofu. Alipokwenda kumwambia babake, mzee alikuwa keshakuwa kiziwi.

Khairat alipofika neno "kiziwi" alikohoa, akasema kitumbua kimemkwama. Hakuwa anakula kitumbua.

Isamu akatoa simu, akamwekea Mahfoudh wimbo mmoja wa hao wazee wao. Mume wangu akaiweka simu sikioni, akafumba macho. Mimi sikusikia ila sauti ya mtu anayelalamika na ngoma inayomkimbiza. Ulipokwisha akafumbua macho akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sauti ya kawaida, "Huyu kafiwa. Lakini anacheza."

Khairat akakwama kutafsiri. Akajaribu, akarudi nyuma, akajaribu tena. Alipomaliza, Wajapani wote wanne waliacha kula, hata wale wawili.

Halafu Goro akauliza jambo, na mwanangu akababaika. Nikamwambia, "Sema, mbona umeduwaa?" Akasema huku anautazama mkeka, "Anauliza, Baba, mimi nikiolewa utanipigia wimbo gani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mahfoudh akachukua kitumbua, akakigeuza, akakirudisha. "Mwambie siku hiyo mimi nimealikwa tu, kama watu wengine."

Sijui Khairat alitafsiri nini. Nilimwona Goro anafurahi na kumpa mume wangu mkono kwa mikono miwili, basi nikajua si hilo alilolisema.

Kabla ya kuondoka wakamwomba Khairat awatafsirie Jumamosi Ngome Kongwe, na Mahfoudh apige nao. Wimbo mmoja tu, wa mwisho. Ijumaa alikwenda kufanya nao mazoezi kwenye paa la gesti yao, akarudi ananambia hawa watu wana adabu, ila wana tabia moja ya ajabu: wimbo wao una mwisho. "Wanahesabu, Saadiya! Wakifika hapa, paf, wanaacha. Wote pamoja. Kama umeme umekatika."

Nami nikalipuuza neno lile. Ningelitilia maanani, ningemfunga kamba mguuni.

Maana beni, kwa asiyejua, haina mwisho wa kuhesabu. Mpigaji hamtazami mwenzake, anatazama miguu ya wanawake. Wanawake wakicheza, unapiga. Wakichoka, unapunguza. Wakikaa kitako, ndiyo unaacha. Kumwachia mwanamke wimbo hali mguu wake uko juu, hiyo kwetu ni aibu, ni sawa na kumnyang'anya mtu sahani hajashiba. Mahfoudh kalelewa hivyo na walimu wake, na mimi nikawaalika wanawake wote wa mtaani kwetu waje kumtazama. Shoga zangu wakaja na mabuibui yao na mikoba ya ubuyu, wakajaza mbele yote.

Wajapani waliwekwa alasiri, jua bado kali. Wakapanda na suti zao, na nakwambia, vijana wale walijua kazi. Goro anaimba kama anayegombana na mkwewe. Isamu kile kinanda chake kidogo kinalia mpaka unamhurumia. Watalii wakasimama, wapishi wa pweza kule Forodhani wakaja na mapepeo yao ya ukili mkononi. Kisha akaitwa mume wangu, shati jeupe, kofia nyekundu. Akatia tarumbeta mdomoni, na lilipolia lile la kwanza tu, wanawake wangu wakainuka. Wimbo wenyewe wa Wamarekani, lakini alivyoupiga yeye ungedhani unatoka Malindi kumfuata biharusi.

Ulipofika mwisho wao wa kuhesabu, Wajapani wakaacha. Paf. Mahfoudh je? Anatazama miguu ya shoga zangu, na miguu haijaacha. Akaendelea peke yake. Wajapani wakatazamana, wakacheka, wakarudi kumfuata. Wakafika mwisho tena. Wapi! Kule pembeni ya jukwaa, msimamizi, kijana mmoja kavaa masikio ya plastiki ya kusikilizia mitambo, akaanza kurusha mikono. Kuna kundi jingine linangoja zamu. Akapiga mluzi, akaruka, akafanya kila ishara. Nilikuwa nishaona haya, najificha nyuma ya mtandio, nasema kimoyomoyo, ewe Mahfoudh, ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kijana akakata umeme. Gita kimya, besi kimya, Goro anafumbua mdomo hasikiki. Lakini tarumbeta linataka umeme gani? Na dramu? Mume wangu na yule wa dramu wakaendelea kana kwamba hakukukatwa kitu. Goro akaweka gita chini, akavua koti, akaanza kupiga makofi kama wanawake, na besi wake naye. Ngome nzima ikapokea.

Msimamizi akamwendea Khairat, aliyekuwa amesimama kando na kitambulisho cha mtafsiri shingoni. Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. "Dada, ndiye babako yule? Mwambie aache. Sasa hivi!"

Khairat akaenda. Akapenya kwa shoga zangu mpaka chini ya jukwaa. Babake akamwona. Niliuona uso wa mume wangu unavyobadilika, macho yanamwuliza, nimekuaibisha tena, mwanangu? Na vidole haviachi, maana miguu haijaacha. Khairat akasimama pale akimtazama. Hakusema kitu, hakumpa hata ishara. Kisha akageuka, akarudi kwa kijana wa masikio ya plastiki, akasema kwa Kiswahili safi na uso mkavu:

"Nimemwuliza. Anasema bado."

Mwongo mkubwa! Nilicheka mpaka nikamshika mtu nisiyemjua.

Kilichomnyamazisha Mahfoudh ni adhana. Aliposikia "Allahu Akbar" ya kwanza ya magharibi, akalishusha tarumbeta mwenyewe, akavua kofia, na wanawake wakatulia papo hapo. Wajapani wakasimama wima na wao, mikono mbele, mpaka ilipokwisha. Msimamizi alikuwa keshakata tamaa, yuko juu ya sanduku la nyaya anakunywa maji.

Wakati wa kurudi nyumbani Mahfoudh alitangulia, tarumbeta kwapani, shingo ameiinamisha. Khairat akanivuta kanga. "Mama, mwambie Baba…"

"Simwambii mtu kitu! Mimi si posta. Babako yule pale, ana masikio."

Akaongeza hatua, akamfikia. "Baba. Ijumaa uje na beni."

Mahfoudh hakugeuka. "Na didjei?"

"Atangoja ukumbini."

"Na watu wa kina Sabri?"

"Watazoea," Khairat akasema. "Mimi si nilizoea?"

Akajibu "Haya," na ile haya yake ilimwamsha paka juu ya ukuta.

Wajapani walikuwa waende Nungwi kuogelea wiki ile, wakaghairi. Ijumaa wako kwetu na suti zao tangu asubuhi, wanabeba masinia, Goro anamenya vitunguu na kulia navyo. Baada ya alasiri Mahfoudh akamwozesha mwanawe msikitini kwa kinywa chake mwenyewe, sauti, wananambia, mpaka barabarani watu walijua mahari. Akarudi nyumbani na kanzu mpya na joho. Gari la maua limesimama mwisho wa kichochoro. Wenzake wa beni wamejipanga, ngoma kubwa iko tayari. Khairat ndani kavalishwa, hina imekolea, anangoja kutolewa. Mahfoudh akalitia tarumbeta mdomoni.

Ikatoka hewa.

Akafuta mdomo, akajaribu tena. Hewa. Nikatoka kumtazama, nikaona mdomo ule wenye sugu unatetemeka, na machozi yanateremka mpaka kwenye ndevu. Tarumbeta halikubali mdomo unaolia. Kapigia watoto wa watu wangapi, macho makavu kama jiwe! Lakini mganga hajigangi. Nikamshika bega nikamwambia, "Pumua, mume wangu." Akanambia, "Saadiya, nimesahau pa kuanzia." Wenzake wanatazama chini. Isamu akatoa kinanda chake kutaka kumsaidia, Goro akamshika mkono asimsaidie.

Shangazi wa bwanaharusi, Bi Rukaiya, mwanamke mzito wa manukato, akaanza kupumua kwa nguvu. "Jamani, jua linakwenda. Ukumbi unatungoja, didjei yupo, muziki upo. Mtoeni mtoto tumtie garini."

Wakaingia kumtoa. Sauti ikaja kutoka ndani, na naapa sikuijua kuwa ni ya mwanangu, maana ilisikika mtaa mzima:

"Sitoki! Sitoki mpaka Baba apige!"

"Biharusi hapigi kelele, mwanangu," Bi Rukaiya akasema mlangoni.

"Mimi mtoto wa Parapanda! Mwambieni asiharakishe, alie kwanza amalize. Namngoja!"

Basi tukangoja. Watoto wakangoja, dereva akazima gari, majirani wakakaa barazani. Mahfoudh alisikia, akalia zaidi, akacheka katikati ya kilio, akajifuta uso mzima kwa mkono wa kanzu mpya. Akalirudisha tarumbeta mdomoni. Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka vibaya. Ya pili nayo. Ya tatu ikashika, ngoma kubwa ikaipokea, shoga zangu wakapiga vigelegele, na mlango ukafunguka.

Kwetu biharusi hutoka kainamisha macho, hatua moja moja, kashikwa huku na huku. Wangu alitoka anacheza, anamtazama babake usoni, na Bi Rukaiya akabaki kashika mlango wa gari, maana hatukulipanda mpaka magharibi.